Alhamisi ya Mvinyo Mpya

Katika kundi la Wakenya Wasabato waliokutana kila Jumamosi asubuhi kule Abu Hamour, jijini Doha, kwenye ukumbi mdogo waliopewa kwa zamu katika eneo la makanisa, hapakuwa na mtu aliyeaminika kumshinda Nyanchama. Wachungaji walikuja wakaenda, waimbaji walimaliza mikataba wakarudi makwao, lakini ufunguo wa kabati la vyombo vya meza ya Bwana ulibaki kwake. Yeye ndiye aliyechemsha zabibu kavu kwenye jiko la nyumba ya wafanyakazi, akazikamua kwa kitambaa safi, akapata juisi isiyo na hata chembe ya kilevi. Yeye ndiye aliyeoka mkate usiotiwa hamira. Na alipopita na trei yake, uso ameukaza, hata watoto waliacha kuchezea viti.

Sasa cheka ukitaka. Mtu huyohuyo, siku nyingine zote za juma, aliuza mvinyo.

Alikuwa mhudumu katika mkahawa wa Kifaransa ndani ya hoteli moja ya West Bay. Alikubali zamu mbaya zote na sikukuu zote za wenzake, ilimradi jua la Ijumaa likizama awe huru mpaka Jumamosi jioni. Kuhusu mvinyo dhamiri yake ilikuwa shwari. Mzee Kioko, mzee wao wa kanisa, alikuwa dereva wa familia moja ya Al Wukair, na ndiye aliyemtuliza alipoanza kazi ile: dereva anayempeleka bosi wake msikitini hasilimu kwa kushika usukani, na mhudumu anayebeba glasi hanywi kwa kuibeba. Nyanchama aliipenda hoja hiyo na alikuwa akiwapa wasichana wapya waliofika wakiwa na wasiwasi. Kunywa lilikuwa jambo jingine. Kaka yake mkubwa alikuwa ameuawa na chang'aa huko Kisii, na tangu azikwe, harufu tu ya pombe mdomoni mwa mtu ilimfanya Nyanchama ageuze kichwa.

Hoteli ile ilikuwa na sherehe yake kila mwaka. Alhamisi ya tatu ya Novemba, mvinyo mpya wa Bojole hufunguliwa siku moja kila mahali unakouzwa, na huko Ufaransa wenyewe wanaungoja kama watu wanavyongoja mwezi wa Idi. Ni mvinyo mchanga mno. Zabibu zinachumwa Septemba, na kabla Novemba haijaisha watu wameshaumaliza. Bradley, yule Mwafrika Kusini aliyesimamia mvinyo hotelini, aliwaambia wahudumu kila mwaka kwamba huu si mvinyo wa kukunja uso na kutafuta maneno makubwa. Ni mvinyo wa kufurahi tu, na unanywewa umepozwa kidogo.

Mchana wa siku hiyo, kabla ya wateja kuja, wahudumu walikusanyika kwenye meza ya nyuma kuonja. Kila mmoja alimiminiwa kidogo, akauzungusha mdomoni, akautema kwenye ndoo ya chuma, kisha akasema amepata ladha gani. Nyanchama hakuwahi kuonja. Alinusa tu, akayakariri maneno ya wenzake, na jioni akayasema mezani kwa ufasaha uliowafanya wateja wamdhanie mnywaji mzoefu. Bradley alilijua hilo na hakumsumbua.

Mwaka huu aliinua glasi, akanusa, na pua yake ikakutana na ndizi mbivu.

Hakuwa ameambiwa habari za ndizi. Au labda aliambiwa miaka yote akadhani ni maneno ya kuuzia. Lakini zilikuwa ndizi kabisa, zile zilizofunikwa kwa majani jikoni kwa mama yake mpaka nyumba nzima ikanukia, na nyuma yake palikuwa na kitu kichachu kidogo, kama tunda damu unalolipasua kwa meno ukiwa umesimama shambani. Bradley alikuwa amegeuka anazungumza na mpishi. Hakuna aliyemwangalia Nyanchama, wala hakuna aliyemlazimisha. Akaipeleka glasi mdomoni akanywa, na ndoo ilikuwa pale mbele yake, mkono ukiunyoosha unaigusa.

Hiyo ya kwanza angeweza kuisingizia pua. Shida ni kwamba alipoweka glasi mezani alisikia sauti yake mwenyewe ikimwambia Bradley amwongeze, auelewe vizuri. Bradley akacheka, akammiminia hadi karibu nusu, akarudi kwa mpishi wake. Nyanchama alikunywa taratibu, amesimama dirishani, bahari ya Ghuba ikimeremeta huko chini. Ulikuwa mwepesi na baridi, na alijisikia amechangamka namna ambayo hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini. Ulikuwa mtamu. Niseme kweli, maana yeye mwenyewe baadaye aliisema: alifurahi sana.

Jioni ile aliuza kuliko wote. Mama mmoja wa Kilebanoni alimuuliza kama ameuonja yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akajibu ndiyo, na hakuwa anadanganya. Aliwaeleza wateja habari za ndizi na tunda damu kwa mikono na macho. Meza moja ya Wafaransa ilimpigia makofi. Bradley alimwambia mbele ya wenzake kwamba leo amekuwa mtu wa mvinyo, na Nyanchama akacheka naye.

Furaha ilimtoka ndani ya basi la wafanyakazi. Alikuwa ametafuna karafuu na kupiga mswaki, na bado alikaa kiti cha nyuma kabisa, ameelekeza uso dirishani. Mwenzake aliyeketi kando yake alimuuliza kama anaumwa, akajibu kwa kutikisa kichwa ili asifungue mdomo. Na kwa kuufunga mdomo vile akamkumbuka Pamela.

Pamela alikuwa rafiki yake. Walikuja Doha kwa wakala mmoja, wakaanza kazi kwenye mkahawa uleule, wakalala chumba kimoja. Pamela alikuwa mwimbaji wa kundi. Sauti yake ya pili ilikuwa ikishikilia nyimbo ambazo wengine walikuwa wakiziangusha. Mwaka uliopita, usiku wa mvinyo huuhuu, Pamela naye alikaa nyuma ya basi ameelekeza uso dirishani. Nyanchama alikwenda kuketi naye, akainama kumsemesha, akasikia harufu.

Hakumuuliza kitu. Asubuhi yake alimpigia simu Mzee Kioko. Siku iliyofuata, baada ya ibada, Pamela aliitwa chumba cha pembeni mbele ya wazee na mashemasi, Nyanchama akiwa mmoja wao, akaulizwa, akakubali. Hakulia wala hakujitetea. Wakamzuia kuimba na kushiriki meza mpaka aonyeshe toba. Aliwashukuru, akatoka, hakurudi tena. Baada ya miezi michache aliacha hoteli akapata kazi ya saluni Al Wakrah, na tangu hapo alikuwa akisalimiana na Nyanchama kwa simu siku za sikukuu tu, salamu fupi ambazo mtu anaweza kumtumia hata mwenye nyumba wake.

Nyanchama alikuwa amesema ni huzuni lakini ni haki. Aliwaambia wasichana wapya hivyo, kwa upole, kama funzo. Sasa alikuwa ameketi kwenye basi akijificha vilevile kama alivyojificha Pamela, na mdomoni mwake mlikuwa na kosa lilelile. Jumamosi ilikuwa siku ya meza ya Bwana. Kabla ya meza watu huoshana miguu wawili wawili, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, na desturi yao ilikuwa kwamba waliokosana waende kwanza kwenye beseni moja wapatane. Ama Nyanchama angeshika taulo lake kama kawaida na kunyamaza, ama angesema, na jina alilolijenga miaka yote lingemwagika mbele za watu.

Ijumaa asubuhi alipanda basi hadi Al Wukair. Mzee Kioko alikuwa ameegesha gari la bosi wake kivulini kando ya kibanda cha mlinzi, analisugua magurudumu. Alifurahi kumwona, akamtafutia kiti cha plastiki. Nyanchama hakukaa. Alimwambia kwamba jana kazini ameonja mvinyo, akawa anatafuta namna ya kusema yaliyobaki, lakini mzee alishaanza kutabasamu.

Kazi ni kazi, alimwambia. Ugenini mtu hulazimishwa mambo mengi, na Mungu anaujua moyo wake. Amesamehewa tangu alipoanza kuona aibu. Kesho aandae meza kama kawaida. Yote hayo aliyasema bila kuacha kusugua.

Nyanchama alishukuru. Alihisi wepesi, na wepesi ule ulidumu kwa muda wa kugeuka na kupiga hatua kuelekea lango. Hapo akasimama.

"Na Pamela?" akauliza.

Kitambaa kilitulia juu ya gurudumu. Mzee Kioko hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewasaidia wengi wasiokuwa na nauli ya kurudi kwao. Alisema Pamela alikuwa kitu kingine. Nyanchama akamuuliza kitu gani. Mzee, aliyekuwa mkweli, alikikamua kitambaa mpaka maji yakaisha. Hatimaye alisema basi, kama ni hivyo naye amesamehewa, Nyanchama aende akamwambie. Aje kesho, waoshane miguu wao wawili mbele ya wote, na yeye mwenyewe atawatangazia watu.

Hiyo ndiyo habari aliyoibeba Nyanchama kwenda Al Wakrah. Aliibeba kwa shangwe, na hapo ninamwonea huruma. Njiani alikuwa akipanga maneno, akiona jinsi Pamela atakavyotoa macho, pengine atalia, na wao wawili watakumbatiana. Dhambi yake mwenyewe ilikuwa imepata kazi nzuri ya kufanya, ya kumrudisha rafiki, na karibu aanze kuishukuru.

Saluni ilikuwa nyuma ya pazia zito, ya wanawake tu, na Ijumaa ilikuwa imejaa. Pamela alikuwa ameketi kwenye kigoda kifupi, miguu ya mteja mmoja imo kwenye beseni mbele yake, anaisugua visigino. Mteja alikuwa anazungumza na simu kwa Kiarabu. Pamela aliinua macho.

"Karibu," alisema. "Uko na appointment?"

Nyanchama alichuchumaa kando yake. Alimweleza kwa sauti ya chini, haraka haraka: jana, mvinyo mpya, glasi ya kwanza na ya pili. Alimwambia kwamba sasa anajua lile jaribu lilivyo, na anaomba radhi kwa kumshitaki. Alimwambia amezungumza na Mzee Kioko, mambo yamekwisha, Pamela naye amesamehewa, kesho aje.

Pamela alisikiliza yote bila kuacha kusugua. Kisha akautoa mguu mmoja majini, akauweka kwenye taulo mapajani pake, akaufuta katikati ya vidole.

"Nimesamehewa nini?" akauliza.

"Ile maneno ya mwaka jana. Ile mvinyo."

"Mimi sikukunywa, Nyanchama." Hakupandisha sauti. "Nilionja nikatema kwa ndoo, vile Bradley alitufundisha. Mliniuliza kama nilikuwa nanuka pombe. Nikasema ndio, juu ni ukweli, nilikuwa nanuka. Hakuna mtu aliniuliza kama nilimeza."

Nyanchama alijishika kwenye ukingo wa kiti cha mteja. Alikumbuka kile chumba cha pembeni, na swali lenyewe, na jinsi kila mtu alivyoshusha pumzi Pamela alipojibu, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha mapema.

"Mbona hukusema?"

"Wale wengine hawajui mambo ya hoteli. Lakini wewe ulikuwa umekaa pale. Unajua ile kazi, na ile ndoo unaijua." Pamela aliurudisha mguu majini, akachukua wa pili. "Nilikuwa nangoja wewe uniulize."

Mteja alifunga simu, akauliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo. Pamela alimwambia hakuna, ni mtu wa nyumbani. Kisha akamwambia Nyanchama, kwa sauti ileile ya kazini, kwamba kesho yuko zamu, na kwamba miguu ya watu anaosha kila siku. Hakumfukuza. Alimwelekeza hata mlango wa nyuma ulio karibu na kituo cha basi.

Nyanchama alifika nyumbani jua likikaribia kuzama, akachemsha zabibu haraka kabla Sabato haijaingia. Alizikamua kwa kitambaa kama siku zote, na kama siku zote akachovya kijiko aonje kama zimekolea. Ulimi wake ukaionja juisi ile, ukaiona haina msisimko, ukakumbuka mvinyo wa jana. Alikitupa kijiko kwenye sinki. Kwa habari ya Pamela alikuwa anajuta kwelikweli. Angejipiga kama kujipiga kungesaidia. Lakini kwa habari ya mvinyo alijipekua, akajipekua tena, na majuto aliyoyatafuta hakuyaona. Hilo lilimtisha kuliko yote. Alipiga magoti kando ya kitanda, akakosa pa kuanzia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Beseni zilipangwa kando ya ukuta, mataulo yamekunjwa juu ya viti, jagi za maji ya vuguvugu zimefunikwa. Mzee Kioko alisimama mbele, amevaa suti yake ya kijivu, na alikuwa na furaha ya mtu mwenye habari njema. Kabla ya kuoshana miguu, alisema, anapenda kuwatangazia kwamba dada yao Pamela, aliyeanguka mwaka jana, amesamehewa na kanisa na mlango uko wazi kwake.

"Amina," wakaitikia watu.

Nyanchama alikuwa amesimama karibu na meza, taulo limefungwa kiunoni. Angeweza kuitikia na wenzake. Pamela hakuwepo, Bradley hakuwa Msabato, na Mzee Kioko alishamaliza shauri lake kando ya magurudumu. Alisubiri amina iishe.

"Mzee, Pamela hana la kusamehewa," alisema. "Alitema. Hatukumuuliza. Mimi nilijua kwamba mvinyo hutemwa, na sikumuuliza. Aliyekunywa ni mimi, Alhamisi hii, kazini, na hakuna aliyenilazimisha."

Mashemasi wenzake walitazama chini. Dada mmoja mgeni, aliyekuwa ameahidiwa kuoshwa miguu na Nyanchama, aliivuta soksi yake juu polepole. Mzee Kioko alishuka jukwaani, akaja mpaka karibu naye. Hakuwa amekasirika. Uso wake ulikuwa wa baba anayemtafutia mtoto njia ya kutokea, na alipozungumza alizungumza kwa upole, kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Lakini, dada, wewe nawe ulitema. Si ulitema?"

Kila mtu alimwangalia, na aliona usoni mwao kwamba wote wanataka aseme ndiyo. Hawakuwa wametaka hivyo kwa Pamela.

"Nilimeza, mzee," alisema Nyanchama. "Nikaongezwa nikameza tena. Na ulikuwa mtamu."

Akalifungua taulo kiunoni, akaliweka mezani kando ya mkate.